Nauli yote ile kwenda kuangalia mboga

Wiki niliyokaa Dar sina la kuwasimulia, isipokuwa Jumamosi ile ya Mei niliyokwenda Pugu kutafuta maua ya porini. Nilikuwa nimepakua programu ya kutambua mimea, nikajiona mtaalamu tayari.

Kutoka Gongo la Mboto nilisimama kwenye daladala, kwapa la mtu usoni. Pugu Kajiungeni bodaboda akataka elfu nane. "Dada, njia ina utelezi." Tukashukia elfu sita. Kilimani tope likamshinda, akaniomba nishuke nisukume. Nikasukuma. Na elfu sita akaichukua yote!

Ua la kwanza nililiona uani kwa watu, lile la rangi ya waridi linalopandwa makaburini pwani nzima. Nikajua hili letu. Simu ikasema kwao ni Madagaska. Na ni kwenye mmea huo zilikopatikana vinkristini na vinblastini, dawa za saratani. Haya, tuwaachie wenyewe.

Mbele, kichakani, nikakuta lenyewe: petali zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto, nyekundu, kingo za njano. Ncha ya kila jani imejiviringa ikawa kikono cha kujishikizia kwenye matawi ya jirani. Nikachutama nifukue mzizi niende nao nyumbani.

"We binti! Acha hiyo!"

Bibi mmoja, kapu mkononi. Nikaamka upesi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mkalamu unautaka wa nini? Umegombana na nani?"

Akanieleza kuwa kiazi chake mtu mwenye njaa anaweza kudhani chakula, na akila ndiyo safari yake ya mwisho. Usiku nikasoma: mna kolchisini ndani, ambayo kwa kipimo kidogo sana ni dawa ya jongo, yale maumivu ya viungo, ikizidi inaua.

Kapuni alikuwa na majani, na baadhi ya mashina yana viua vya njano. Nikapiga picha, simu ikanipa jina la gugu la Ulaya. Bibi akacheka. "Simu yako imeonja?" Akavunja shina, maziwa meupe yakachuruzika, akanipa jani nitafune. Uchungu ukanishika hadi masikioni. Nikaujua papo hapo. Mchunga! Kwetu Lushoto tunauita mshunga. Nimeulishwa tangu utotoni, mama akisema unasafisha tumbo na kufukuza homa, lakini ua lake sikuwahi kulitazama. Jikoni unafika majani matupu. Bibi yeye huuchemsha, maji ya kwanza anamwaga, kisha anautia tui la nazi.

Nikaona haya kidogo. Kwetu huko huko, milima ya Usambara, ndiko Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, alikotoa kile kiua cha zambarau, akakipeleka kwao Ujerumani mwaka 1892, kikapewa jina lake, saintpaulia. Wageni wanapanda milima yetu kukitafuta kwenye miamba. Mimi nimezaliwa pale, na nilichowahi kukiona ni picha yake.

Bibi akanifungia fungu la mchunga kwa ukili, pesa akakataa. Vidole vyangu vilikuwa na madoa ya utomvu yasiyotoka kwa sabuni.

Jioni nikampigia mama. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza nauli ilikuwa shilingi ngapi. Nikamwambia elfu mbili.