Akamgusa Ulimi

Somo la wiki hii: Marko 7:31–37

Wapendwa, watu wa Dekapoli walipomleta yule kiziwi mwenye utasi, walimwomba Bwana jambo moja tu: amwekee mkono. Yeye hakuishia hapo. Alimtenga na mkutano, akatia vidole masikioni mwake, akatema mate, akamgusa ulimi. Kisha akatazama juu mbinguni, akaugua. Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa mtu anayelia ndani kwa ndani na kwa mtu aliye mgonjwa, na hapa limetumika kwa Bwana mwenyewe.

Tazameni jinsi alivyokiendea kiungo chenyewe kilichofungwa. Wiki hii tunawakumbuka ndugu zetu waliotibiwa saratani ya kinywa, ya koo, ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni) au ya tezi za mate. Wengi tulisimama nao kushukuru siku walipoambiwa uvimbe haupo tena, na tulifanya vyema. Shida ni kwamba baada ya siku ile tuliacha kuuliza. Asiyeweza kumeza anaogopa kwamba akisema ataonekana mtovu wa shukrani, basi ananyamaza. Ndiyo maana tumeona tuviendee viungo kimoja kimoja, kwa majina yake.

Tuanze na mate, maana Bwana naye alianzia karibu na hapo. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Tezi kubwa zaidi ziko mbele ya masikio. Nyingine ziko chini ya taya na chini ya ulimi. Mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo hutolewa kwa kawaida mara 30 hadi 35, kwa wiki 6 au 7, na chembe zinazotengeneza yale mate mepesi ya majimaji huharibika mapema sana. Yanayobaki ni machache, mazito, yenye kunata. Mwandishi wa Zaburi ya 22, katika mstari wa 15, anasema ulimi wake umegandamana na taya zake. Kwa ndugu hawa hiyo si lugha ya picha. Ndivyo wanavyoamka kila usiku.

Mate yakipungua, mengi hupungua pamoja nayo. Chakula hakilowi, ladha haifiki kwenye ulimi, asidi inakaa kwenye meno, na ukungu unapata pa kuota. Maji ya kunywa yawe karibu mchana na usiku, kwa mafunda madogo madogo. Ya kusukutua ni rahisi kutengeneza: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko 1 cha chai cha chumvi, na kijiko 1 cha chai cha soda ya kuokea, yaani bikaboneti, wala si hamira wala magadi. Sukutua polepole, tema, rudia mara 4 hadi 6 kwa siku, hasa kabla ya kula na baada ya kula. Yasiyotumika yamwagwe jioni, kesho utengeneze mapya. Dawa za kusukutulia zenye pombe ziepukwe, maana zinakausha na kuchoma. Peremende na chingamu zisizo na sukari husaidia tezi zilizobaki kufanya kazi. Ipo pia dawa ya pilokapini ya kuamsha tezi hizo, lakini ni ya daktari kuamua: mwenye pumu, au mwenye aina fulani za presha ya macho, inaweza kumdhuru. Ukiona utando mweupe mdomoni, kinywa kinawaka na ladha imebadilika ghafla, mara nyingi huo ni ukungu, na unatibika. Usiuvumilie ukidhani ni sehemu ya msalaba wako.

Sasa meno. Kwenye kinywa kikavu jino huoza haraka, kwa miezi badala ya miaka, na mara nyingi huanzia pale linapokutana na ufizi. Mswaki laini baada ya kila mlo, na usiku dawa ya meno yenye floraidi nyingi, ile ya 5,000 kwa milioni inayoandikwa na daktari wa meno: tema, usisukutue kwa maji. Wengine hutengenezewa vikombe vya kuvalisha meno. Hutiwa jeli ya floraidi, huvaliwa dakika 5 hadi 10, kisha mtu hali wala hanywi kwa nusu saa. Kazi hii haina likizo.

Na hapa tunaomba msikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika tafakari hii. Mtu aliyepigwa mionzi kwenye taya asing'olewe jino kabla daktari wa meno hajajua ni eneo gani lilipigwa na kwa kiasi gani, na kabla hajazungumza na waliomtibu. Mionzi hufinya mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa. Taya la chini, ambalo damu yake ni haba tangu awali, linaweza kushindwa kupona; kidonda hakifungi, mfupa unakufa na kujitokeza nje. Hatari hii haiishi baada ya mwaka mmoja, wala baada ya miaka 10. Mwombe daktari wako karatasi yenye tarehe, eneo na kiasi cha mionzi, uitunze kama unavyotunza cheti cha ndoa. Mfupa ukionekana mdomoni, usaha ukitoka, au mdomo wa chini ukifa ganzi, usingoje.

Neno alilolitamka Bwana siku ile ni Efatha, maana yake funguka. Kuna wanaoliomba kwa ajili ya taya zao. Misuli ya kutafuna ikipigwa mionzi au ikikatwa hujenga kovu, na kovu hujivuta. Kipimo cha nyumbani ni vidole vitatu vya mtu mwenyewe, vikisimamishwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, mwambie daktari. Madaktari huhesabu taya kuwa limebana linapofunguka chini ya milimita 35. Zoezi linalofundishwa sana ni la saba tatu: fungua mpaka usikie misuli ikivutika, shikilia sekunde 7, rudia mara 7, na ufanye hivyo mara 7 kwa siku. Wengine hutumia vijiti bapa vya mbao vya hospitali, wakivipanga kati ya meno na kuongeza kimoja pale nafasi inapopatikana. Pima kwa rula mara moja kwa wiki, uandike.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kulazimisha kwa siku moja: misuli inachanika, na kovu linazidi. La pili ndilo linaloumiza wengi zaidi, nalo ni kuacha baada ya miezi michache kwa sababu mambo yameonekana kuwa shwari. Ugumu huu huendelea kujijenga kwa miaka baada ya mionzi kwisha, kimya kimya. Na taya lililokuwa linafunguka vizuri likianza kubana ghafla, rudi hospitali upimwe, maana chanzo huenda si kovu.

Kumeza kunahitaji misuli mingi ifanye kazi kwa mpangilio ndani ya sekunde chache tu. Ikiwa migumu, au mishipa ya fahamu imedhoofika, chakula huenda njia ya hewa. Sote tunajua kupaliwa, kwa kukohoa na kutoa machozi. Lakini wapo wanaopaliwa bila kukohoa kabisa, kwa sababu koo limepoteza hisia. Dalili zake ni sauti yenye maji baada ya kunywa, homa zisizoeleweka, nimonia inayojirudia, uzito unaoshuka. Kipo kipimo cha picha za eksirei zinazotembea, mtu akimeza huku anatazamwa. Mwenye dalili hizi aombe kipimo hicho, akutane na mtaalamu wa kumeza, maana kila koo lina namna yake na mazoezi ya jirani yanaweza yasikufae. La wote ni hili: kaa wima, chukua kidogo, meza, meza tena, usizungumze chakula kikiwa mdomoni, na baki wima nusu saa baadaye. Piga mswaki hata kama unalishwa kwa mpira, kwa sababu kinachozaa nimonia mara nyingi ni vijidudu vya kinywani vinavyoshuka na mate. Na kama umeruhusiwa kumeza kidogo, meza kila siku. Koo lisilotumika hudhoofika.

Yaliyobaki tutayapitia kwa haraka, ingawa kwa aliye nayo si madogo. Uvimbe chini ya kidevu asubuhi ni limfu, yaani majimaji ya mwilini, yaliyokosa njia. Lala kichwa kikiwa juu, ufundishwe kuukanda kwa mkono mwepesi sana, ukianzia karibu na mfupa wa mtulinga ili kufungua njia kwanza. Bega linaloshuka na mkono usiopanda juu hufuata upasuaji wa shingo uliogusa mshipa wa fahamu wa misuli ya bega, na mazoezi yakianza mapema husaidia. Dawa ya saratani iitwayo sisiplatini huweza kuacha masikio yakivuma, mtu akasikia sauti yako bila kushika maneno. Mtazame usoni unapozungumza naye.

Tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, inastahili neno zaidi. Shingo iliyopigwa mionzi ipimwe damu kila miezi 6 hadi 12, kwa sababu tezi hiyo huweza kulegea taratibu, hata miaka mingi baadaye. Mtu anachoka, anasikia baridi, anafunga choo, anahuzunika, anaacha kuja ibadani. Nasi tunasema amepoa kiroho. Kabla hamjamwombea moto wa Roho ushuke, mwulizeni alipima lini. Kidonge kimoja kwa siku huenda kikamrudisha.

Kwa walioondolewa zoloto, wanaopumua kwa tundu la shingoni, viongozi wa ibada wajue mambo mawili. Akizimia na kuacha kupumua, hewa apewe kwenye tundu; mdomoni haifiki kwenye mapafu. Na asizamishwe majini, hata kwa ubatizo, kwa kuwa maji yatakwenda moja kwa moja mapafuni. Anaweza kubatizwa kwa namna nyingine bila kupungukiwa na chochote mbele za Mungu.

Kanisa likitangaza mfungo, anayepigania kila kilo ya mwili wake aambiwe waziwazi kwamba yeye hafungi. Eliya alipolala chini ya mti akiomba kufa, malaika alimwamsha mara 2 ili ale, kwa sababu safari ilikuwa ndefu.

Imebaki Meza ya Bwana. Kipande cha mkate mkavu kwa mtu asiye na mate hugeuka udongo mdomoni. Hakishuki wala hakirudi, na watu wanatazama. Kwa hiyo wengine huanza kuketi nyuma siku hizo, au hawaji. Mchungaji au mzee wa kanisa amfuate mapema, faraghani kama Bwana alivyofanya, amwulize anawezaje. Huenda ataomba kipande kidogo kama punje, kilichochovywa mpaka kikalainika; huenda divai inamchoma na atahitaji maji ya zabibu; huenda anashauriwa asimeze chochote chepesi, na kinywaji kitiwe cha kukifanya kizito. Wekeni kikombe cha maji karibu naye kama anaruhusiwa kuyanywa. Kisha wimbo unaofuata usianze bado. Anameza mara ya kwanza, anapumzika, anameza ya pili. Mngojeni.