Starlet na betri ya kilo mbili na nusu

Februari 8

Mama anayenunua mahindi hapa Malaba aliniazima mizani yake, ila kwanza aliuliza kama siku hizi betri nazo tunazianika juani. Betri ya gari langu, NS60 ya risasi, ile ya kuongezwa maji: kilo 11.8. Nimeiandika namba hiyo juu ya kifuniko kwa kalamu nene, nisije nikajidanganya baadaye.

Kwa anayeanza kusoma leo: gari ni Starlet ya miaka ya tisini, injini ya 1.3, la kwendea kazini Tororo siku za wiki na la mbio za vumbi Busiika mara tatu nne kwa mwaka. Kiti cha nyuma kilishang'olewa, zulia pia, na siku za mbio spea inabaki nyumbani. Limebaki na karibu kilo 850. Kila nikitafuta kingine cha kutoa, macho yanaishia kwenye kona ya mbele kabisa chini ya boneti, inapokaa betri. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina pua nzito tayari, na kwenye kona ya vumbi ni pua hiyo inayogoma kugeuka.

Wazo la kuweka betri nyepesi si langu. Porsche ilianza kuuza betri ya lithiamu kama nyongeza mwanzoni mwa 2010, kwa 911 GT3 na Boxster Spyder: chini ya kilo 6, pungufu ya ile ya kawaida kwa zaidi ya kilo 10, bei yuro 1,904. Gari langu zima halijafika mbali sana na bei hiyo, kwa hiyo itabidi nipite pengine.

Februari 15

Nimepita pengine, na nimerudi.

Nilipata seli nne kutoka betri iliyotupwa ya bodaboda ya umeme. Ni za lithiamu-chuma-fosfati, kila moja volti 3.2, nne kwa mfululizo zinatoa 12.8. Nikazifunga pamoja na kibao cha ulinzi, kile mafundi wa sola wanachokiita BMS, kilichoandikwa ampea 100. Nikafungua swichi, dashibodi ikawaka kuliko nilivyowahi kuiona. Nikazungusha ufunguo. *Tik.* Gari likawa giza, hata saa ikazimika.

Nilidhani nimeunguza kitu. Fundi wangu wa umeme, mzee ambaye amefunga waya za malori hapa mpakani kabla sijapata leseni, hakusema neno. Alirudisha NS60, akazungushia mita ya kubana kwenye kebo ya stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, akaniambia niwashe. Ampea 260 kwa kufumba na kufumbua, kisha 110 injini ikizungushwa. Kibao kiliona 260 kikakata. Kilifanya kazi yake.

Hili ningependa ningelijua mapema: seli za bodaboda zimetengenezwa kutoa kiasi cha wastani kwa saa nyingi. Stata inataka kingi mno kwa sekunde mbili. Ni mtungi wenye tumbo kubwa na mdomo mwembamba. Maji yamo, ila hayatoki kwa kasi unayoitaka. Mzee alipendekeza turuke kibao, tuunge seli moja kwa moja. Nilikataa. Seli sasa zinawasha taa za sebuleni na hazina neno.

Machi 22

Imefika betri yenyewe, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwashia injini. Imepitia majini hadi Mombasa, kisha barabara. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kwenye mizigo ya ndege za abiria, kwa hiyo anayekuahidi kukuletea "kesho kwa ndege" muulize maswali. Bei ilikuwa karibu mara nne ya NS60 mpya, bado ushuru.

Kwenye mizani ya mama: kilo 2.6. Mzee aliiweka kwenye kiganja kimoja, akaigeuza, akatafuta vifuniko juu yake.

"Na hii maji yake unaweka wapi?"

"Haina maji, mzee."

"Haina maji." Akanirudishia kama mtu anayerudisha noti asiyoiamini.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza ni kama italipuka. Hii si lithiamu ya simu. Kemia ya chuma na fosfati ilichapishwa 1997 na John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, yule yule aliyepata Nobeli ya 2019 akiwa na miaka 97. Fosfati inashikilia oksijeni yake kwa nguvu, ndiyo maana ni vigumu zaidi kushika moto wa kujiendesha. Vigumu zaidi, sijasema haiwezekani. Wala ya risasi si malaika: inatoa haidrojeni ikichajiwa, na nina suruali mbili zenye matundu ya asidi.

Machi 24

Siku mbili za kufunga.

Nilikosoma, malalamiko makubwa ni baridi. Ukichaji seli hizi chini ya nyuzi sifuri, lithiamu inaganda kama metali juu ya kaboni ndani ya seli badala ya kuingia, na uharibifu huo haurudi nyuma. Porsche waliwapa wateja na betri ya kawaida pia, kwa ajili ya majira ya baridi. Sisi hilo halituhusu, hata Kabale alfajiri. Adui wetu ni joto. Ukizima injini baada ya mzunguko mkali, feni imesimama na hewa haipiti, chini ya boneti panakuwa jiko, na betri hizi hazitaki kuvuka nyuzi 60. Kwa hiyo nimeihamishia ndani, nyuma ya kiti cha abiria.

Kuhama kuna gharama yake. Mita nne za kebo ya milimita mraba 35, boksi, vyuma vya kushikilia, na fyuzi ya ampea 250 shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo usiiruke. Kebo nene isiyo na fyuzi inayopita kwenye bodi ya bati ikichubuka, inageuka kijiti cha kuchomelea. Vyote kwenye mizani: kilo 2.4.

Basi hesabu ya kweli si kilo 9.2 nilizokuwa nikijisifia. Ni 6.8. Katika gari la kilo 850 hiyo haifiki hata asilimia moja. Mzee akasema angenipa hizo kilo bure kwa kuninyima chapati mwezi mzima.

Lakini linavyowaka! NS60 ilikuwa ikishuka hadi volti 9.8 stata ikizunguka. Hii inashuka hadi 11.6. Stata haikohoi ile *nyaa-nyaa-nyaa* ya asubuhi. Inazungusha mara moja na injini imeshika kabla sijauondoa mkono kwenye ufunguo. Niliwasha na kuzima mara sita hadi majirani wakachungulia. Oltaneta, inayochaji betri injini ikiwaka, inatoa volti 14.2, na betri hii mwisho wake ni 14.6, kwa hiyo upande huo tuko salama.

Aprili 6

Busiika. Je, pua inageuka vizuri zaidi? Nataka kusema ndiyo. Ila mvua ilinyesha usiku, vumbi lilikuwa limeshikana, na matairi yangu ya mbele ni mapya. Anayeweza kutenganisha kilo 6.8 na hayo yote ni dereva bora kuliko mimi.

Aprili 6, usiku sana

Naandika nikiwa bado na mikono michafu.

Narudi nyumbani, nikasimama Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma na gonja, kama kila mtu. Giza lilikuwa limeingia na malori yanapita karibu, nikaacha taa zinawaka nionekane, redio kidogo, simu kwenye chaji. Kuku alikuwa bado mbichi upande mmoja, nikamwambia muuzaji asiharakishe. Mazungumzo yakanoga. Dakika hamsini hivi.

Kilichonisumbua si kwamba taa zilififia. *Hazikufifia.* Zilikuwa nyeupe kabisa, na sekunde iliyofuata hazikuwepo. Redio ikakatika katikati ya neno. Nikazungusha ufunguo: hakuna hata *tik*.

Vijana watatu wakaja, "ssebo, tusukume". Wakasukuma hadi nguo zikalowa jasho, gia ya pili, klachi, gari likasita na kuteleza tu. Nilijua sababu huku nikiona aibu kuwazuia: pampu ya mafuta na kompyuta ya gari vinataka umeme, na oltaneta nayo inahitaji umeme kidogo ili ianze kuzalisha. Betri ya risasi iliyochoka huwa imebakiza tone la kuanzia. Hii ilikuwa imejifunga kama duka.

Dereva mmoja wa taksi akatoa waya za kubusti. Alipogusisha tu, saa ya dashibodi ikarudi na kuanza kumeta. Kibao cha ulinzi kilichomo ndani ya betri hii kilikuwa kimekata ili kuokoa seli, na kilipoona volti za taksi kikafungua tena. Injini ikashika mara moja. Kuku akaliwa na waliosukuma.

Nikaingia msitu wa Mabira na mkanda wa oltaneta unalia. Lithiamu iliyokauka inameza umeme wote itakaopewa, tofauti na ya risasi inayokunywa polepole, na oltaneta ndogo ndiyo inayobeba mzigo. Nilizima feni ya ndani, nikaepuka kusimama na injini ikinguruma chini, macho kwenye mita ya volti hadi daraja la Jinja.

Aprili 9

Nimesoma lebo vizuri, kwa miwani. "36 Ah", yaani ampea-saa, kipimo cha umeme unaokaa ndani, na pembeni, herufi ndogo: PbEq. Maana yake inawasha injini *kama* betri ya risasi ya 36 ingeiwasha. Umeme uliomo ndani hasa ni Ah 12. Taa, redio na simu zinakula karibu ampea 12, na ilikuwa haijajaa vizuri tangu Busiika. Dakika hamsini zinatosha kabisa. Hakuna ubovu wowote hapo. Mimi ndiye niliyenunua kijiko nikidhani ni kikombe.

Nikapima na kinachovuja gari likiwa limezimwa kabisa: miliampea 35, saa na alamu. Kwa siku ni karibu 0.84 Ah. Wiki mbili bila kuliendesha, limekufa.

Mzee aliposikia habari za Namawojjolo alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo mimi sikulifikiria. "Na hicho kibao kikikata injini ikiwa inawaka?"

Mnajua ule mchezo wa kupima oltaneta kwa kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Injini isipozimika, oltaneta nzima. Mzee huyu anawafukuza vijana wanaoufanya kwenye gereji yake. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa oltaneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka na dayodi au kompyuta inaweza kwenda nazo. Sasa mimi nimefunga betri ambayo, ikipata joto sana au volti zikizidi, inaweza kung'oa kichwa chake yenyewe, Mabira, saa tatu usiku.

Hapo ndipo mizani yangu ilipoinamia upande mmoja. Kilo sita si kitu, na bei nilishaimeza. Ila betri ya risasi huzeeka mbele ya macho yako. Asubuhi moja inavuta polepole, wiki inayofuata unasukuma, na mtu wa chaji yuko kila senta. Hii mtu wa chaji simpelekei: mashine yake haijui kikomo cha volti, na anaacha usiku kucha. Hata ikifa, hakuna anayeinunua. NS60 iliyokufa wa vyuma chakavu anaipima na kulipa papo hapo.

Aprili 20

NS60 imerudi mahali pake chini ya boneti, na inabaki hapo Jumatatu hadi Ijumaa. Kebo ya nyuma nimeiacha, nimeweka viungo vya kuchomeka mbele ili kubadilisha kusinichukue muda. Leo nimejaribu: dakika nane, bila kukimbia. Jinsi ya kuishi na betri mbili sikujifunza kwa Porsche, lakini naona walifika hapo kabla yangu.

Siku za mbio inaingia nyepesi, ikiwa na kengele ndogo inayolia volti zikishuka hadi 12.8. Sikuweka 12.5 kama kwa ya risasi, kwa sababu hii inakaa 13.2 karibu safari nzima, halafu inaporomoka, kwenye 12.8 dakika zilizobaki ni za kuhesabu. Nimeijaribu kwa taa zikiwaka uani. Ililia dakika ya 44, na kwenye dakika ya 49 giza. Dakika tano. Zinatosha kuwasha injini na kuwaambia wenye kuku wafunge.

Kilichobaki: kupata kebo nyembamba kidogo isiyopata moto, nione kama ile 2.4 inaweza kushuka hadi chini ya 2.