Laini ya Polepole Humuumiza Nani Kwenye Uchimbaji wa Bitcoin?

Anayetaka kuanza kuchimba Bitcoin huuliza mapema: nahitaji intaneti ya megabiti ngapi? Kama mashine yako imeunganishwa na kundi la wachimbaji, chache sana. Mashine haipakui bloku, yaani vifurushi vya miamala vinavyoungwa kimoja baada ya kingine kwenye mnyororo wa kumbukumbu za Bitcoin. Hupokea kazi kutoka kwenye seva ya kundi na kurudisha majibu mafupi, mzigo ambao hata laini ya 3G inaubeba. Adui hapo ni kukatikakatika, maana laini ikifa hulipwi. Weka modemu ya pili ya mtandao mwingine, na ujaze anwani za makundi ya akiba kwenye mipangilio ya mashine.

Upana wa laini unampima hasa anayetengeneza bloku: mwendesha kundi, au anayechimba peke yake kwa nodi yake, yaani kompyuta inayohifadhi, kuhakiki na kusambaza bloku. Bloku hupatikana kwa wastani kila sekunde 600. Yako ikichelewa sekunde 10 kuwafikia wengine, uwezekano wa mwingine kupata yake katika mwanya huo ni kama 1.65%. Ukishindwa mbio hizo, bloku yako inabaki yatima na unakosa zawadi yote, ambayo tangu Aprili 2024 ni bitcoin 3.125 pamoja na ada. Wakubwa hawaumii vivyo hivyo. Kundi lenye 30% ya nguvu yote ya uchimbaji hutoa lenyewe takribani bloku tatu katika kila kumi, na baada ya kila moja huanza inayofuata bila kumsubiri mtu. Mchimbaji mdogo husubiri karibu kila mara.

Mwaka 2015, sehemu kubwa ya uchimbaji ilikuwa China, nyuma ya mfumo wa serikali unaochuja intaneti. Mwezi Juni makundi makubwa ya huko, F2Pool na Antpool yakiwemo, yalikataa pendekezo la kuruhusu bloku za hadi megabaiti 20 na kukubali 8, yakitaja laini zao. Kuokoa sekunde, baadhi yalichimba juu ya kichwa cha bloku, yaani muhtasari wake wa baiti 80 tu, kabla ya kuihakiki bloku yenyewe. Tarehe 4 Julai 2015 F2Pool ikajenga juu ya bloku batili, na mnyororo ule ukafika bloku sita kabla ya kutupwa. Kwangu, kuruka uhakiki ni hatari kwa kila mtumiaji, si kwa mchimbaji peke yake.

Dawa nzuri zaidi ilikuja 2016 katika toleo la 0.13.0 la Bitcoin Core, programu ya kuendesha nodi. Nodi hutuma kichwa cha bloku na alama ya baiti 6 kwa kila muamala, kwa kuwa miamala yenyewe jirani, yaani nodi iliyounganishwa nayo, anayo tayari. Miamala 3,000 inakuwa takribani kilobaiti 18: kwa laini inayopakia megabiti 1 kwa sekunde, ni kama sekunde 0.15. Megabaiti 1 nzima ingechukua sekunde 8 kwa jirani mmoja, na zaidi ya dakika kwa majirani wanane.

Wengi huiua faida hiyo kwa kuweka blocksonly=1 kwenye mipangilio ya nodi ili kubana bando. Nodi haipokei tena miamala, kwa hiyo bloku inabidi ije nzima, na wewe huna miamala ya kukulipa ada. Tumia maxuploadtarget=5000: hiyo ni mebibaiti kwa siku, na kikomo kikikaribia, nodi huacha kugawa bloku zenye umri wa zaidi ya wiki huku mpya zikiendelea kwenda. Nayo prune=550, inayofuta bloku za zamani, huokoa diski, si bando; historia yote, mamia ya gigabaiti, lazima ipakuliwe mara moja. Ifanye kazi hiyo kwenye laini isiyo na kikomo, kisha uihamishe diski. Na unapopima laini, angalia kasi ya kupakia kabla ya ile ya kupakua.