Ripoti tatu na "had" moja

Shuleni, kwenye somo la Kiingereza, tulifundishwa kwamba jambo la zamani sana huwekewa "had", la jana na juzi halihitaji. Neno hilo nililishika miaka mingi. Lilikuwa kosa, na aliyeponzwa nalo si mimi.

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Malindi. Alfajiri moja mgeni aliteremka na mabegi yake apelekwe uwanja wa ndege, gari hakuna. Dereva alikuwa ameshaondoka nusu saa nzima, katumwa kwingine. Kwa kuwa yote yalikuwa ya asubuhi ileile, niliandika kwenye ripoti: "When the guest came down, the driver left." Meneja, ambaye Kiswahili chake ni cha salamu tu, akaelewa kilichoandikwa: mgeni kateremka, dereva kumwona tu akatia gari moto. Dereva akapewa barua ya onyo.

Nikaandika ripoti ya pili kumtetea, safari hii "had" nikaimwaga kila mahali: "had come down", "had left", "had called". Ikawa vurugu tupu. Matukio yote yamesukumwa nyuma, lakini nyuma ya nini? Hakuna hata tendo moja lililobaki mbele la kuyapimia.

Nikaenda tyusheni ya jioni, shilingi elfu mbili hivi, nikarudishiwa yaleyale ya "zamani sana". Iliniudhi mno. Vasco da Gama alifika hapa kwetu mwaka 1498, na Kiingereza chasema "reached" tu!

Aliyenifungua macho ni dereva mwenyewe. "Ndugu yangu, mwambie tu nilikuwa nimeshaondoka." Nilikuwa nimeshaondoka! "Had" ndiyo hiyo. Tangu siku hiyo sentensi naisema kwanza kwa Kiswahili. Nikisikia "alikuwa ameshaondoka", naandika "had left". Nikisikia hadithi inatiririka kwa -ka-, akaja, akala, akalipa, basi ni "came, ate, paid", wala sihangaiki. Ila -me- peke yake isikudanganye: "ameondoka" ni "has left". Na palipo na "before" au "after", mfuatano umeshajulikana, "had" waweza kuiacha.

Ripoti ya tatu ilikuwa na mistari minne: "When the guest came down, the driver had already left", kisha aliyemtuma na saa aliyotumwa. Barua ya onyo ikatolewa kwenye faili lake wiki ileile.