Guzhen, mji wa taa tupu

Dereva alinitoza yuani 400 kutoka Guangzhou, na kiyoyozi hakuwasha. Nilinung'unika njia nzima. Guzhen ni mji ulio chini ya Zhongshan, mkoa wa Guangdong, na biashara yake ni taa. Kuna wa kukata bati, wa kupaka rangi, hata wa kutengeneza maboksi ya taa tu.

Mama mwenye kiwanda ninachonunua kwake hatengenezi karibu chochote, anaunganisha. Taa ya sampuli ilikuja na holda nyembamba, na balbu tunazouza Kariakoo zisingeingia. Nikamwambia mkalimani, binti wa Kitanzania anayesoma huko, kwamba nataka holda nene. Mama akapiga simu. Kabla chai yangu haijapoa, guta la umeme likasimama mlangoni na mfuko wa holda. Fundi akafungua skrubu, akabana nyaya, akawasha. Dar ningesubiri kontena lijalo!

Nikasema hapa mtu hakwami. Mama akacheka, akajibu, na binti akanitafsiria.

"Kaka, anasema mwaka 2021 walikwama wote."

Ulikuwa mgao wa umeme. Septemba ile Guangdong ilipobanwa, wa holda alizimiwa, wa rangi akazimiwa, na jirani wa kukimbilia naye yuko gizani. Oda yangu ilichelewa msimu ule, na wakala wangu akaniapia kwamba ni meli.

Lililonitoa jasho ni jingine. Kwa miaka nimegawa oda kwa viwanda vitatu, nikijiona nimejikinga. Nikauliza draiva za LED, vile vikasha vinavyorekebisha umeme kabla haujafika kwenye taa, zinatoka wapi. Mama akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Vyote vitatu vinachukua pale pale.

Hotelini, juu ya godoro gumu lililonigharimu pesa nyingi, niliwaza Kariakoo. Julai 2021 soko liliungua, na sisi wauza taa bado tumebanana mtaa mmoja, bidhaa zetu zikitoka mji mmoja. Mteja akikosa kwangu namwelekeza kwa jirani, ambaye kontena lake huenda limekwama pamoja na langu.

Asubuhi nikamtuma binti aulizie draiva za Ningbo, mkoa wa Zhejiang, mbali na gridi ya Guangdong. Bei ikaja juu, bado usafiri, na mzigo wangu ungechelewa kufungwa. Nikarudi kwa mama nikalipa arubuni. Binti naye akadai malipo ya siku ya pili.