Herufi tano, halafu ubeti

Watu wananiuliza sana vile viboksi vya kijani na njano ninavyoweka status ni vya nini, wengine wanadhani ni alama za siri, basi wacha nieleze, na nieleze pia kinachokuja baada ya viboksi, manake kwangu mimi hapo ndo kwenye utamu wenyewe.

Chanzo ni Wordle, mnaijua wengi. Josh Wardle aliitengeneza kwa ajili ya mwenzake aliyekuwa anapenda michezo ya maneno, akaifungulia watu wote Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likainunua. Neno moja kwa siku, herufi tano, unakisia mara sita. Kijani maana yake herufi ipo na imekaa mahali pake, njano ipo ila umeiweka siko, kijivu haipo kabisa. Dunia nzima mnatafuta neno lile lile siku ile ile, na nadhani ndo maana watu waliipenda, ukikutana na mtu mmeshapata cha kuongea.

Sisi tulianza nayo hivo hivo kwa Kiingereza, grupu ya marafiki, wengine tuko Mombasa, wengine Tanga na Dar, mmoja yuko Muscat. Alafu dada mmoja wa Tanga akasema jamani mbona tusicheze kwa lugha yetu, tukaanza kucheza kwa mkono, yani kila siku mtu mmoja anachagua neno, sisi tunamtumia makisio inboksi, yeye anatujibu kwa viboksi, na kwenye grupu tunabandika viboksi tu bila herufi.

Kiswahili kina mambo yake bwana. Neno karibu lote linaishia na irabu kwa hiyo boksi la mwisho unajua ni a, e, i, o au u hata kabla hujaanza, q na x husumbuki nazo kabisa, na mimi nafungua na KIATU manake inanipa irabu tatu kwa mpigo. Lakini vitenzi tulivifukuza mapema sana. Ukiruhusu vitenzi mtu anakuletea nilie, akale, nitoe, wakae, kila kiambishi kinazaa neno jipya na hamtamaliza, kwa hiyo ni nomino tu. Na maneno yenye ng' ya ng'ombe nayo nje, tulibishana wiki nzima kama kile kialama kinastahili boksi lake.

Sasa mashairi yaliingiaje. Sheria kubwa ya grupu ni moja, hakuna kulitaja neno mpaka saa sita usiku, manake kuna wanaotoka kazini usiku na ni haki yao wakute fumbo likiwa zima. Lakini mtu akishapata neno zuri roho haitulii, anataka kulisema. Siku hiyo neno lilikuwa NANGA (la zamani, naruhusiwa), na kaka wa Muscat aliyekuwa amelipata asubuhi akashindwa kunyamaza, akaandika hivi:

Huzama haogi maji, huketi hana kigoda,
Chombo kifikapo mji, ndiye wa kwanza kwa ada,
Kutu ndilo lake taji, mnyororo wake dada,
Mjuzi toa jawabu, herufi tano si shida.

Wallahi niliisoma nikaachia simu mezani. Kutu kuwa taji! Hajalitaja neno na kalisema lote. Haikupita saa shoga yangu wa Mji wa Kale akamjibu, na akajibu kwa vina vile vile (yani sauti za mwisho wa kila nusu mstari), -ji na -da, kama inavyotakiwa:

Nimemjua mlaji, mchanga wake faluda,
Asipozamia maji, jahazi hupata shida.

Tangu hapo viboksi peke yake havitoshi, ukipata neno unadaiwa ubeti. Na hapa ndo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanasema ushairi wa vina na mizani (hesabu ya silabi) ni wa wazee au wa mtihani wa shule, na mimi naamini kabisa kilichokosekana ni sababu ya kuandika, basi. Ukimwambia mtu tunga shairi anaduwaa, ukimkataza asilitaje neno la leo anatunga mwenyewe. Kufumbiana na kujibizana ni kwetu toka zamani, Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akirushiana beti na washairi wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, na huko ilikuwa siasa na vita, sisi yetu ni nanga na faluda lakini njia ni ile ile.

Na watu wamejifunza kweli. Kuna ambao walikuwa hawajui kwamba mstari una mizani nane kwa nane, na ile m ya mji ina mizani yake peke yake, m-ji ni mbili, m-cha-nga ni tatu, sasa hivi wanahesabu kwa vidole kwenye daladala na ubeti ukipungua mizani moja unarudishwa na sauti ya voisi noti inakusomea ulipokwama. Hakuna anayechekwa lakini, ubeti uliovunjika tunauunga pamoja, na mara nyingine ule ulioungwa na watu watatu unatoka mzuri kuliko wa fundi.

Basi na nyinyi chukueni huu, niliutunga juzi, herufi ni tano na ni nomino. Ukijibu, jibu kwa vina vya -zi na -ko, na tafadhali neno lenyewe usilitaje:

Mikono nane ya kazi, na bado haendi soko,
Ana wino waziwazi, hajaandika andiko.