Ext4 moja, seva mbili

Jumamosi ile usiku nilikuwa na seva tatu za Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), kabati la diski 12 na swichi moja ya gigabiti 10. Kabati liliweza kugawa hifadhi kwa NFS, yaani lenyewe linasimamia faili na seva zinaomba tu, au kwa iSCSI, linakabidhi bloku tupu na kila seva inadhani ina diski yake ya ndani. Nikachukua iSCSI kwa sababu nilisikia bloku zina kasi. Sababu nyingine sikuwa nayo.

LUN (diski ambayo kabati hukabidhi kwa iSCSI) ya terabaiti 4 nikaiumbiza kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwenye seva ya kwanza, mashine pepe sita zikawaka. Nikitaka zihamishike bila kuzimwa, nikaiunganisha LUN ileile kwenye seva ya pili. Haikulalamika. Ext4 ina kinga iitwayo MMP ya kuzuia kosa hilohilo, ila huja imezimwa! Bila hiyo, kila kerneli (kiini cha mfumo endeshi wa seva) hutunza kwenye RAM hesabu yake ya bloku zilizo wazi, wala haimuulizi mwenzake. Seva ya pili ikaandika juu ya bloku ambazo ya kwanza ilikwisha kuzigawa. Baada ya saa moja hivi ext4 ikajifunga, kusoma tu. e2fsck, programu ya kukarabati ext4, ilijaza folda ya lost+found vipande visivyo na majina. Mashine nne zilirudishwa kutoka nakala za usiku uliotangulia.

Jumapili nikahamia NFS, diski za mashine pepe zikawa faili za qcow2 (muundo wa diski pepe). Snapshoti, yaani picha za hali ya diski kwa wakati fulani, zikapatikana, na kuhamisha mashine kukawa kuhamisha RAM peke yake. Iliyoteseka ni hifadhidata: kabati lilikuwa likithibitisha karibu kila andiko hadi kwenye diski. Ningeweza kuweka async (kujibu kabla ya kuandika diskini) kwenye /etc/exports, faili la mipangilio ya NFS, lakini umeme ukikatika kabati litakuwa limeshajibu “nimeandika” kwa data isiyokuwepo.

Basi hifadhidata peke yake ikarudi iSCSI, safari hii juu ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski kuwa volyumu) ya kawaida: kila diski pepe ni volyumu yake, na Proxmox huhakikisha seva moja tu inaitumia kwa wakati mmoja. LVM-thin, aina ya LVM yenye snapshoti, haishirikiwi kati ya seva, na LVM ya kawaida kwa toleo lile haikuwa na snapshoti. Kwa hiyo nakala za hifadhidata nikazipangia kila saa 6, ziandikwe upande wa NFS.